Mtandao wa Ukuta wa Nyuma

Halmashauri ya mji wetu ilinipiga picha kwa siri, ikanionyesha ukumbini mbele ya watu wanaokaribia mia tatu ili wanicheke, na kwa kicheko hicho ikaufunga mtandao wa umma uliokuwa njia pekee ya mimi na mdogo wangu kusemezana. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini pale. Ilipita miezi minane ndipo wakaufungua tena, kimyakimya, kama mlango uliokuwa umefungwa na upepo tu. Katika miezi hiyo macho ya mdogo wangu yalimaliza safari yao.

Hilo ndilo kosa. Sasa nilieleze polepole, kwa sababu hata lenyewe lilikuja polepole, kama nguo inavyopauka kwenye kamba. Mimi nasema, binti wa mdogo wangu anaandika.

Mimi ni dobi. Chumba changu cha kupigia pasi kinatazamana na ukuta wa nyuma wa ukumbi wa halmashauri, katikati pana uchochoro ambao watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibane. Nina meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa, moja ikifanya kazi na nyingine ikipata moto, na bakuli la maji ya kunyunyizia. Mashati ya maafisa wote yamepita mikononi mwangu. Najua nani hutoka jasho kuliko wenzake, na nani amenenepa tangu apandishwe cheo. Wananiita Mama Pasi, nami huitika.

Mdogo wangu alizaliwa akisikia. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa ya wiki tatu, nayo ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Mimi nilikuwa na miaka sita, na mwaka uliofuata nilikuwa niende shule. Mama, ambaye naye alikuwa dobi, akasema, "Ukienda wewe, huyu atasikiliziwa na nani?" Nikabaki. Sikulia, maana sikujua ninalilia nini. Tukakaa wawili katikati ya mabeseni, tukaanza kutengeneza maneno kwa mikono, moja leo, moja kesho, kama watu wanaojenga nyumba kwa vijiwe vya kuokota.

Maneno yale hayakutoka shule yoyote. Yalikuwa yetu. Mama alikuwa ngumi mbili zinazosuguana, kwa sababu ndivyo tulivyomwona kutwa. Maji yalikuwa vidole vinavyodondoka. Uongo ulikuwa kuvuta ndewe ya sikio, maana mdogo wangu aliamua kwamba uongo huwaingia watu kupitia huko, na yeye Mungu amemwepusha nao. Jana tuliionyesha mbele, kesho tukaitupa nyuma ya bega. Majirani walidhani tumekosea. Yeye, mtoto wa miaka tisa, alinieleza: jana tumeshaiona, iko mbele ya macho, kesho nani ameiona? Iko mgongoni. Jina langu ni kidole kwenye kidevu, kwa ajili ya kovu langu. Jina lake ni viganja viwili vinavyofunguka kama dirisha.

Mpaka leo nikiota, naota kwa mikono. Katika ndoto zangu hakuna anayepaza sauti. Watu husimama kwenye mvuke, kama ule unaopanda kutoka kwenye shati bichi, na mikono yao hunena, na mimi naelewa yote.

Aliolewa mbali, safari ya siku mbili. Akapata binti mmoja, kisha mumewe akafariki. Tulikuwa tukionana mara moja kwa mwaka, mwaka ukiwa mbaya hatuonani. Simu zilipoenea, watu waliniambia, "Si umpigie?" Nilicheka. Nimpigie kiziwi? Na kuandikiana hatukuweza, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeijua kalamu.

Halafu siku moja mafundi walipanda ngazi uchochoroni, wakakipigilia kisanduku cheupe chenye pembe mbili chini ya paa la ukumbi. Chini yake wakaweka mabenchi mawili. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kimegusana na chumba changu, alinyoosha shingo akatazama.

"Mama Pasi, waifai hiyo," akasema. "Ya umma. Bure."

"Inafanya nini?"

"Ni kama bomba la mtaa. Ukifika unakinga, ukishiba unaondoka."

"Na hawaulizi unakinga ya nini?"

"Bomba liliwahi kukuuliza?"

Ni yeye aliyenionyesha pa kubonyeza. Kulikuwa na ukurasa wenye maandishi mengi na kitufe cha kijani chini yake. Nilikibonyeza kila siku, na mpaka leo sijui nilikuwa nakubali nini. Kisha akampigia binti wa mdogo wangu kwa picha, kioo cha simu yangu kikatetemeka, kikatoa ukungu, na ndani ya ukungu vikatokea viganja viwili vikifunguka kama dirisha. Nilikaa kwenye benchi nikashindwa kuinua mikono. Nilimwona binti yake nyuma, ameshikilia simu, akisema, "Mama mkubwa, jibu basi, mama anakungoja!" Nikaweka kidole kwenye kidevu. Mdogo wangu alicheka lile cheko lake lisilo na sauti ya maana, kama maji yakimiminwa kwenye mtungi.

Tulikuwa na raha hiyo kwa miezi mitatu hivi. Siku moja akaniambia ameanguka kwenye ngazi ambayo ameipanda miaka ishirini. Siku nyingine akaniambia amemwaga chai pembeni ya kikombe. Daktari alimpima akamweleza binti: ugonjwa wa macho, unafunga kutoka pembeni kwenda katikati, hauna dawa. Mwaka mmoja, pengine na nusu. Mdogo wangu alinieleza mwenyewe. Alinyanyua mikono miwili kando ya uso wake akaisogeza polepole mpaka ikakaribia kukutana puani. Ikabaki nafasi ya kuchungulia. Kupitia nafasi hiyo akanitazama.

Nilianza kulia. Akanikemea.

"Usipoteze mwanga," akaniambia kwa mikono. "Tuyahamishe maneno."

Sikuelewa. Akamwita binti, akafungua kiganja chake, akamwelekeza vidole. Alikuwa amelifikiria jambo zima peke yake. Maneno yetu yote yalikaa hewani, na hewani yanahitaji macho. Ilibidi tuyahamishie kwenye ngozi kabla pazia halijafungwa. Mimi nifanye neno hewani, alione. Kisha tukubaliane litakavyoguswa kiganjani. Binti amguse, naye aseme ndiyo au siyo.

Basi kila siku saa nane mchana, mkaa wa kwanza ulipokuwa umekwisha na wa pili haujashika, nilikwenda kukaa kwenye benchi la ukuta wa nyuma. Mwanga wa saa hiyo uchochoroni ni mweupe na laini, kama shuka lililotiwa bluu ya kufulia. Tulihamisha maneno. Maji yakawa vidole vitatu vinavyoteremka kutoka kifundo cha mkono. Mama akawa kiganja kusuguliwa kwa ngumi. Moto, njaa, lala, njoo, ngoja, nakupenda. Kila neno lilipokubaliwa nilipiga fundo kwenye kipande cha kamba ya kuanikia, maana siwezi kuorodhesha. Mengine yalituchukua siku mbili. Juu ya neno hasira tulikasirikiana kweli. Yeye alitaka kufinywa, mimi nikakataa.

"Nitakufinya kila siku?" nikamwuliza.

"Kwani utakuwa na hasira kila siku?"

"Unanijua."

"Basi nifinye pole," akasema, na binti akacheka mpaka simu ikaanguka.

Kwa nje, mtu akinipita, alimwona mwanamke mnene wa makamo anayepunga mikono mbele ya simu, anavuta masikio, anatupa hewa mgongoni, anacheka peke yake. Sikujali. Fundi viatu alijua, na nilidhani anayejua mmoja anatosha.

Afisa wa Mitambo wa halmashauri alikuwa kijana mstaarabu wa mashati ya mistari. Alipita mara kadhaa uchochoroni akiwa ameshika simu kifuani. "Shikamoo, Mama Pasi." "Marahaba, mwanangu." Akaendelea na safari yake. Nilimwona mwenye adabu.

Siku ya mkutano nilikuwa nimebeba kapu la mashati ya kukabidhi. Ukumbi ulijaa. Nikasimama nyuma, karibu na mlango. Ajenda ilikuwa moja: mtandao wa umma uendelee au ufungwe? Watu walikuwa wamepata moto. Mama mmoja mwalimu alisema wanafunzi wake wanautumia pale kusomea kwa sababu nyumbani hakuna. Mzee mmoja wa duka la vifaa akasema cha bure hakina heshima, vijana wanashinda kwenye mabenchi wakitazama mpira. Fundi viatu akainuka.

"Taa za barabarani mnaziwasha kwa pesa za umma," akasema. "Mnamwuliza anayepita chini ya taa anakwenda wapi? Anakwenda kwa mganga au kwa mchumba, taa inamwangazia. Na huu nao ni mwanga."

Watu wakampigia makofi. Mwenyekiti akasema, "Fundi, asante. Suala la viatu litakuja." Wakacheka, na pale ndipo mkutano ulipobadilika rangi.

Afisa wa Mitambo akapanda jukwaani. Akasema ana takwimu. Akasema katika mtaa mzima kuna simu moja inayokula mtandao kuliko shule ya msingi yote. "Wananchi wana haki ya kujua unatumikaje," akasema, na ukutani, palipotundikwa shuka jeupe, nikatokea mimi.

Nilikuwa mkubwa kama nyumba. Shuka lile nililifua mimi. Nilikuwa navuta sikio langu, natupa mkono nyuma ya bega, nasugua ngumi, nacheka. Ukumbi ukavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Kisha ukapasuka. Watu walipigana mabega. Mtu akapaza sauti, "Anapunga pepo huyo!" Mwingine, "Mwacheni, anafukuza nzi wa mtandaoni!" Mwenyekiti mwenyewe alifuta machozi.

"Jamani, yupo pale nyuma," mtu akasema. Wote wakageuka.

"Haya, mama," Mwenyekiti akasema, "una la kusema?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi: ni mdogo wangu, ni kiziwi, macho yanafunga, tunahamisha maneno, tuacheni. Niliweka kapu chini. Nikafungua mdomo, na macho ya watu wale mia tatu yakanikausha ulimi. Maisha yangu yote, jambo zito likinifika, nimelisema kwa mtu mmoja tu, na kwa njia moja tu. Basi mikono yangu ikainuka yenyewe. Ikaanza kueleza. Viganja vikafunguka kama dirisha, vikapanda kando ya uso wangu, vikasogea puani. Nilieleza vizuri. Sijawahi kueleza vizuri kama siku ile. Na hakuna hata mmoja aliyeelewa, na kicheko kilichofuata nilikiona kikitikisa taa.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Walipiga kura kwa mikono. Fundi viatu alinishika kiwiko akanitoa nje. Sikujua hata kama mashati nimeyaacha.

Kesho yake saa nane nilikaa kwenye benchi. Kisanduku cheupe kilikuwa kimezimwa. Nilikaa saa nzima.

Usidhani sikuhangaika. Nilinunua bando. Bando la pesa ya kazi ya kutwa liliisha kabla hatujamaliza salamu, na hata kabla ya kuisha picha ilikuwa inaganda: mikono ya mdogo wangu ikasimama angani kama nguo zilizoshikwa na baridi, ikaruka, ikawa madoa. Neno la mkono likikatika katikati linakuwa neno jingine. Safari sikuweza, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa kitandani mwaka mzima, na wa kumgeuza ni mimi tu. Nikabaki kupokea sauti ya binti kwenye simu.

"Mama mkubwa, hajambo. Macho yanamsumbua kidogo tu."

"Anasema nini?"

"Anauliza mbona huji."

"Mwambie wamefunga."

"Nimemwambia, mama mkubwa. Sijui kama amenielewa. Mikono yangu na yake si kama yako na yake."

Ni kweli. Binti anajua maneno ya nyumbani, ya kula na kuoga. Mengi tulikuwa tunayajua wawili tu.

Nikawa naishi mchana kama mtu aliye chini ya maji. Pasi ilikwenda na kurudi. Mvuke ulipopanda nilimwona mle ndani, amekaa karibu na dirisha, anangoja kioo kitoe ukungu, na mikono yake miwili kando ya uso inasogea, inasogea. Mara nilijikuta nimehamisha neno kwenye kiganja changu mwenyewe, peke yangu, nikalipigia fundo, halafu nikalifungua, kwa sababu neno la mtu mmoja si neno. Mashati ya Afisa wa Mitambo niliendelea kuyapiga pasi. Sikuunguza hata moja. Hilo nalo linaniuma.

Mwezi wa nane tangu wafunge, fundi viatu alibisha dirishani kwa nyundo. "Mama Pasi! Taa ya kijani!" Amri ilikuwa imeshuka kutoka juu kwamba mitandao ya umma irudishwe mijini. Nilikimbia na bakuli la maji mkononi. Kitufe, ukungu, kioo. Mdogo wangu alikuwa amekaa mahali palepale, amependeza, amechanwa nywele. Niliweka kidole kwenye kidevu. Alikuwa anatazama pembeni kidogo ya simu, upande wa bega langu. Nikaweka tena. Akanyoosha mkono, akapapasa kioo, vidole vyake vikafunika picha yote.

"Mama mkubwa," binti akasema, "samahani. Sikujua nikwambieje."

Mama mkwe alipumzika muda mfupi baadaye, tukamzika, nikafunga chumba nikasafiri. Niko hapa kwa mdogo wangu sasa. Tunakaa kibarazani, kiganja chake mapajani mwangu. Yeye bado ananiambia kila kitu, maana mikono yake haijapungukiwa na chochote, na mimi naiona. Mimi ndiye niliyebaki na mafundo sitini na tano. Kumwambia kula, maji, mama, nakupenda, naweza. Tumejaribu ashike mikono yangu ninaponena, na mengine yanapita. Lakini maneno yetu mengi yalikaa usoni na mabegani. Nikivuta sikio, yeye anashika kiwiko anadhani najikuna. Nikiitupa kesho mgongoni, anadhani nafukuza kuku.

Na jambo moja ndilo linaloniamsha. Alitaka kujua kwa nini nilimwacha, katika miezi ileile ambayo bado alikuwa anaona. Alidhani nimemchoka. Nilijaribu kumweleza kwa maneno niliyo nayo: mlango, ngoja, watu wengi, siyo, njoo siyo. Akayapanga moja baada ya jingine. Kisha uso wake ukafunguka, akanishika mikono yote miwili akaibusu.

"Pole, dada," akasema. "Kumbe walikufunga gerezani."

Nikagusa siyo, siyo, kiganjani.

"Usione haya," akaniambia. "Hata kama uliiba. Mimi nimekusamehe."

Tangu siku hiyo ananihurumia. Wageni wakija anawaeleza kwa mikono, nao hawaelewi, Mungu ni mwema, kwamba dada yake alifungwa akatoka. Kila jioni ananisamehe wizi ambao sikuufanya, na sina neno la kuukataa.

Kwa hiyo madai yangu ni haya. Kisanduku kimerudi, na sitamshukuru mtu, bomba la umma halishukuriwi. Afisa wa Mitambo ananidai mashati mawili yaliyobaki kapuni chumbani kwangu, atayapata. Mimi namdai swali moja, lile ambalo angeliuliza uchochoroni baada ya shikamoo. Mwenyekiti anadaiwa na ukumbi ule kuambiwa kwa kipaza sauti yule mwanamke alikuwa anafanya nini. Na halmashauri yote, waliocheka na waliopiga kura, inadaiwa na mdogo wangu maelezo ya miezi minane. Deni hilo si langu kulipokea. Ni lake, na lazima waje walilipe hapa kibarazani, kiganjani mwake, kwa lugha atakayoielewa. Wakishindwa kuipata lugha hiyo, ndipo watakapojua walichofunga.